Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Viungo vya Uzazi vya Watoto Wachanga

Mfasiri akikosea istilahi ya sheria ya kodi, mlipa kodi hulalamika na kosa husahihishwa. Akikosea istilahi katika fomu ya kumkagua mtoto aliyezaliwa leo, hakuna wa kulalamika: mtoto hana kauli, mzazi hajui kilichopotea, na mkunga hufuata neno aliloandikiwa. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuzihakiki baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika, au zinazopendekezwa na wafasiri mbalimbali, katika upimaji wa viungo vya uzazi vya watoto wachanga. Hatukusudii kutunga orodha. Orodha zina mahali pake. Tunakusudia kuonyesha ni wapi maneno yetu humpotosha mtumishi wa afya, na ni wapi lugha inalo neno zuri ambalo mfasiri ameliruka.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kila mtoto azaliwapo viungo vyake vya uzazi hutazamwa, na mahali pengi kazi huishia katika kutangaza kwamba ni wa kiume au wa kike. Ukaguzi ulio kamili una hatua zaidi. Tundu la mkojo hutazamwa kama lipo mahali pake. Kokwa za kiume hupapaswa ili ijulikane kama zimeshuka. Urefu wa uume au wa kinembe hupimwa, na mashavu ya uke huangaliwa kama yametengana au yameungana. Matokeo hulinganishwa na vipimo vilivyopatikana kwa kuwapima watoto wasio na hitilafu. Mwaka 1942 Schonfeld na Beebe walitangaza huko Marekani vipimo vya wanaume tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Mwaka 1975 Feldman na Smith wakatangaza vipimo vya vichanga, na hivyo ndivyo vilivyoenea katika vitabu vya udaktari wa watoto. Kwa hesabu yao, wastani wa urefu wa uume wa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni ni sentimita 3.5, na mchepuko sanifu ni sentimita 0.4. Mtoto asiyefika sentimita 2.5 yapasa achunguzwe zaidi. Kwa mtoto wa kike, kinembe kinachozidi urefu wa milimita 9 huhesabiwa na waganga wengi kuwa kimekua kupita kiasi.

Vipimo hivi havikutungwa kwa udadisi. Uume mfupi kupita kiasi waweza kuwa dalili kwamba tezi iliyo chini ya ubongo haitoi homoni za kutosha, na mtoto wa namna hiyo huweza kupungukiwa na sukari katika damu siku zake za mwanzo, akafa kabla sababu haijajulikana. Kinembe kilichokua kupita kiasi chaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa tezi za juu ya figo ambao tutaueleza sasa hivi, kwa kuwa ndio unaotufikisha kwenye neno la kwanza.

Neno hilo ni korodani. Muulize mwalimu wa biolojia maana yake, atakwambia ni zile kokwa mbili zinazotengeneza mbegu za kiume. Muulize mtu wa kawaida, aghalabu atakuonyesha mfuko unaozichukua. Wapo wanaoliita korodani lile fungu zima, kokwa pamoja na mfuko wake. Neno pumbu nalo lina hali hiyo hiyo: hapa ni mfuko, pale ni kilichomo mfukoni, na juu ya hayo limechukuliwa na lugha ya matusi hata mwandishi wa fomu hulikwepa. Kende limebaki karibu na maana ya kokwa, lakini wengi huliona ni neno la mtaani. Katika mazungumzo utata huu haumdhuru mtu. Tuutie sasa katika swali la fomu: "Je, mtoto ana korodani? Ndiyo/Hapana."

Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na upungufu wa kimeng'enya katika tezi za juu ya figo. Kwa upungufu huo tezi hushindwa kutoa homoni zinazohitajika, na badala yake huzidisha homoni zenye tabia ya kiume tangu mtoto angali tumboni. Kinembe hukua, mashavu ya uke huungana na kuota makunyanzi mithili ya mfuko wa kokwa. Mwaka 1954 Prader, daktari wa Zurich, alizipanga hali hizi katika madaraja matano, na katika daraja la tano mtoto wa kike huonekana kwa nje kama mvulana kamili, isipokuwa jambo moja: mfuko ni mtupu. Ndani ana ovari na mji wa mimba. Mkunga aliyefundishwa kwamba korodani ni mfuko huutazama ule mfuko, huandika "Ndiyo", na hakusema uwongo. Mtoto hupewa jina la kiume na kupelekwa nyumbani. Katika juma la pili au la tatu huanza kutapika na kukonda, kwa sababu mwili wake unapoteza chumvi. Watu hudhani ni tumbo la kuhara au homa, na asipopata tiba hufa. Laiti tupu ya mfuko ingalijulikana siku ya kwanza, angalipimwa damu, akapewa homoni na chumvi, akakua na pengine akazaa watoto wake mwenyewe. Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hivi wanaozaliwa duniani. Mtoto wa kiume aliye nao kwa kawaida huonekana mzima kabisa kwa nje. Yeye ukaguzi wa macho na mkono haumfai, humfaa kipimo cha damu tu. Lakini yule wa kike alikuwa mikononi mwa mkunga, na lililomkosesha ni neno.

Pendekezo letu ni kwamba korodani libaki kwa maana ya kokwa peke yake, na ule mfuko uitwe mfuko wa korodani, maneno matatu pasipo kufupisha. Wala kuligawa neno hakutoshi, maana mazoea ya wasemaji hayabadiliki kwa tangazo. Afadhali swali lenyewe liandikwe hivi: "Korodani ngapi zimepapaswa ndani ya mfuko wake? 0, 1, 2." Mfuko hauhesabiwi mara mbili. Yeyote aliyelielewa neno kwa maana ya mfuko atakwama kwenye swali hilo, atauliza, na kuuliza ndiko tunakokutaka. Hapa istilahi na muundo wa sentensi husaidiana, jambo ambalo wapangaji wa orodha husahau kwa kuwa katika orodha hakuna sentensi.

Tugeukie adabu. Fomu nyingi na vijitabu vya mafunzo hutumia "sehemu za siri" kwa kila kitu kilicho baina ya kitovu na magoti. Hatuidharau tasfida. Mtangazaji wa redio anayezungumza na familia nzima saa ya chakula cha jioni anahitaji maneno hayo, na mwalimu wa darasa la tano pia. Lakini tasfida kazi yake ni kuficha, na fomu ya ukaguzi kazi yake ni kufichua. "Sehemu za siri za mtoto ni za kawaida" ni sentensi isiyosema ni sehemu ipi iliyotazamwa, wala kama kuna iliyotazamwa. Watetezi wa tasfida hudai kwamba Kiswahili hakina maneno mengine ila matusi. Dai hili si la kweli. Vitabu vya sheria ya Kiislamu, ambavyo vimesomwa katika pwani yetu kwa karne nyingi, vinahitaji kutaja kila kiungo kwa ajili ya tohara, josho na mirathi, na havikuona haya: vina dhakari, vina hashafa kwa kichwa cha uume. Makungwi na masomo wamewafundisha wari majina ya miili yao bila kutukana. Kinembe, kisimi, govi, kinena, msamba: haya ni maneno ya Kiswahili yenye mipaka iliyo wazi, na mengi yamo katika kamusi zetu tangu zamani.

Neno msamba hasa lastahili kusifiwa. Mwaka 1987 Callegari na wenzake walionyesha kwamba mashavu ya uke yakiungana kwa nyuma, umbali kutoka mkunduni hadi pale yanapokutana huongezeka. Umbali huo ukigawanywa kwa umbali wa kutoka mkunduni hadi shina la kinembe, na jawabu likazidi 0.5, kuna shaka kwamba mtoto wa kike amepata homoni za kiume tumboni. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba ni uwiano, basi hakitegemei sana ukubwa wa mtoto, na njiti aweza kupimwa vilevile. Tumeona umbali wa kwanza ukifasiriwa "umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri". Hayo ni maneno kumi na moja, na bado hayasemi mahali pa kuanzia wala pa kuishia, kwa kuwa "sehemu za siri" hazina ncha. Msamba ndio umbali huo wenyewe. "Urefu wa msamba" ni maneno matatu, na mtu akisha kuelezwa mara moja pa kuweka rula, hatauliza tena.

Uume na uke yana ugumu wa namna nyingine. Kila moja ni kiungo na pia ni hali: uume ni kuwa mwanamume au kuwa mume wa mtu, uke ni kuwa mwanamke au kuwa mke. Sentensi "uume wa mtoto huyu una shaka" yaweza kuwa habari ya kiungo kisichoumbika sawasawa, na yaweza kuwa habari ya kutojulikana kama ni mvulana. Katika somo hili khaswa, ambamo kiungo na hali ndivyo vinavyoweza kutofautiana, utata huo ni mzito. Wapo wanaopendekeza turejee dhakari. Ni neno sahihi, lakini wasomaji wa bara wengi hawalifahamu, na uume limekwisha kuzoeleka mashuleni na hospitalini. Sisi tungeliacha lilivyo, kwa sharti kwamba katika maandishi ya ukaguzi lisisimame peke yake, bali liandamane na neno la kimwili: urefu wa uume, tundu la uume, ngozi ya uume. Kwa uke vivyo hivyo. Neno hili hutumika kwa njia ya ndani na kwa umbo la nje, na daktari anayetaka kujua kama mkojo na njia ya uzazi vina tundu moja au mawili hawezi kujibiwa kwa "uke upo". Aulizwe mkunga: "Matundu mangapi yanaonekana?"

Kitenzi cha kupima nacho kinatudai maneno mawili matatu. Hospitalini vipimo ni uchunguzi wa damu na mkojo. Mtu "akifanyiwa vipimo" hakuna anayefikiri juu ya rula. Mama akiambiwa kwamba mwanawe "amepata vipimo vya viungo vya uzazi" atadhani amechomwa sindano. Ni heri kutenga: ukaguzi kwa kazi ya macho na vidole, upimaji wa urefu kwa kazi ya rula. Na kazi ya rula ina hila yake. Uume wa kichanga haupimwi ukiwa umelala. Huvutwa taratibu hadi ukinzani uhisiwe, rula ikagandamizwa juu ya mfupa wa kinena ili mafuta ya pale yasipunguze hesabu, na kipimo kikasomwa hadi mwisho wa kichwa cha uume, govi lisihesabiwe. Wafasiri wengi husema "urefu wa uume ulionyooshwa". Kunyoosha ni kuondoa mkunjo, kama nguo inyooshwavyo kwa pasi, kilichonyooshwa hakikurefuka. Anayefuata kitenzi hicho atapata tarakimu ndogo kuliko ile ya Feldman na Smith, kisha atazilinganisha mbili hizo na kumtia mtoto mzima katika kundi la wagonjwa. Kitenzi kinachofaa ni kuvuta, na istilahi iwe "urefu wa uume uliovutwa".

Tumefika kwenye neno linalotusumbua kuliko yote, nalo ni kawaida. "Kipimo cha kawaida" limekuwa jibu la mfasiri kwa dhana tatu zisizofanana. Ya kwanza ni wastani, yaani jumla ya urefu wote ikigawanywa kwa idadi ya watoto. Ya pili ni upeo wa tofauti ambao ndani yake watoto wazima walio wengi huangukia. Ya tatu ni hali inayopasa kuwapo, na anayeikosa ana kasoro. Mtu akisoma katika kijitabu kwamba "urefu wa kawaida ni sentimita 3.5", kisha akampima mtoto akapata 3.1, afanye nini? Kwa maana ya kwanza mtoto yuko chini ya wastani, kama walivyo karibu nusu ya watoto wote duniani. Kwa maana ya pili hana tatizo lolote. Kwa maana ya tatu amekwisha kuwa mgonjwa. Tumewahi kuona maelekezo yaliyotaka kila mtoto "aliye chini ya wastani" apelekwe kwa mganga mkuu. Mwandishi wake hakupiga hesabu ya foleni.

Mpaka wa sentimita 2.5 umepatikana kwa kuchukua wastani na kuondoa mchepuko mara mbili na nusu: 3.5 kutoa 1.0. Kwa kanuni ya mgawanyo wa tarakimu, watoto wazima takribani sita katika kila elfu huangukia chini ya mpaka huo. Maana yake ni kwamba mpaka wenyewe hauhukumu. Unasema tu kwamba huyu ni nadra, basi mtazameni vizuri. Tungependekeza uitwe kipimo-mpaka. (Na kwa kuwa hapa 2.5 ni sentimita na pale 2.5 ni idadi ya michepuko, mfasiri asithubutu kuacha tarakimu bila kitaja chake. Bahati mbaya ya tarakimu mbili kufanana imekwisha kuwachanganya watu wenye shahada.) Kuhusu mchepuko, wengine husema ukengeufu. Neno hilo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa maana ya kuiacha imani, na si haki mtoto wa siku moja aitwe mkengeufu kwa sababu ya milimita nne.

Vipo pia vipimo vinavyotolewa kwa nafasi katika mia, ambapo mtoto wa tatu ni yule ambaye watoto watatu tu katika mia wako chini yake. Kuandika "mtoto yuko asilimia 3" ni kupoteza maana kabisa, kwani msomaji atauliza asilimia 3 ya nini. Tuseme "nafasi ya 3 katika mia", au kwa wataalamu, persentaili ya 3.

Dhana ya vipimo vya kulinganishia imepata majina mengi: vipimo rejea, vipimo vya marejeo, viwango. Hili la mwisho tunalipinga. Kiwango ni kama jiwe la mizani dukani: kilo ni kilo, na mzigo usiofika umepunjwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2006 majedwali ya makuzi ya watoto wadogo, lilisisitiza kwamba hayo ni viwango, kwa kuwa watoto waliopimwa huko Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walichaguliwa kwa kuwa wamelelewa inavyopasa, na jedwali lasema mtoto anavyopaswa kukua. Vipimo vya Feldman na Smith havidai hivyo. Vyasema: watoto hawa tuliowapima walikuwa hivi. Kwa hiyo twapendelea "vipimo vya kulinganishia", jina refu kidogo lakini lisilotoa amri, na twashauri kichwa cha kila jedwali kitaje mahali na mwaka: "Vipimo vya kulinganishia, Marekani, 1975". Hili si pambo. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walionyesha kwamba vichanga wenye asili ya Kichina walikuwa na wastani mdogo kidogo kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya, na mwaka 2017 vipimo vya watoto wa Kumasi, Ghana, vilitangazwa kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka kila taifa lijipime kwa watoto wake. Jedwali lisilo na mahali wala mwaka humfanya mkunga wa Kigoma au Kisumu aamini kwamba tarakimu zimeteremka mbinguni.

Si mahali tu. Ni umri pia. Mtoto mchanga, kwa Kiswahili, ni wa leo na ni wa miezi kadhaa. Kichanga ni afadhali kidogo. Wala hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kama miezi ya tumboni imetimia. Katika vipimo vya 1975 mtoto aliyezaliwa na majuma 30 ya ujauzito ana wastani wa sentimita 2.5, ambao ndio kipimo-mpaka cha mtoto aliyetimiza. Akipimwa njiti kwa jedwali la waliotimia, nusu ya njiti wa umri huo watahesabiwa wana hitilafu. Tunalo neno njiti, limeenea, kila mama analijua. Lipandishwe katika majedwali, na mwenzake awe kichanga aliyetimia.

Kwa uume usiofika kipimo-mpaka, mtaa una jina lake lililokopwa sokoni kwenye mboga, nalo twaliachia mtaa. "Uume mdogo" ni maoni ya mtazamaji. "Uume duni" ni tusi lililovaa kanzu. Itoshe "uume mfupi", pamoja na tarakimu na umri wa mimba.

Sasa lile gumu. Mtoto ambaye kwa kumtazama haijulikani kama ni wa kiume au wa kike aitweje? Wafasiri wengi hukimbilia huntha. Neno hili lina heshima yake. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilitumia kwa mtu mwenye umbo la pande zote mbili, wakamwekea hukumu zake za mirathi, na yule asiyebainika kabisa wakamwita huntha mushkili. Nchini Kenya magazeti yamelizoeza kwa watu wazima wanaodai kutambuliwa, na sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu watu 1,524 wa kundi hilo. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Mtu mzima ana haki ya kujiita jina alipendalo. Ugomvi wetu ni juu ya mtoto wa siku moja. Yule mtoto mwenye ugonjwa wa tezi za juu ya figo, tuliyemtaja, hana pande mbili: ana ovari, ana mji wa mimba, na umbo lake la nje limebadilishwa na homoni. Kumwandika huntha ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na huenda mzazi akaridhika na hukumu asitafute tiba, akidhani ni maumbile tu ya Mungu yasiyo na dawa, wakati chumvi yapungua mwilini.

Kuna hatari nyingine. Huntha na hanithi yametoka katika shina moja la Kiarabu, na masikioni mwa wengi ni neno moja. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na pia ni tusi zito linalomshambulia mtu kwa mwenendo wake. Karani asiyezijua kamusi huandika moja mahali pa jingine. Neno ambalo kuteleza kwa irabu kidogo hulifanya tusi la maisha halifai kuwekwa katika cheti cha mtoto.

Ulemavu tulikatae pia, maana laingiza mzigo wa sheria na huruma usiohusika. Kasoro laeleweka, ila ni kali. Wataalamu wenyewe walibishana: mkutano wao wa Chicago wa mwaka 2005, ambao maafikiano yake yalitolewa mwaka 2006, uliyaacha majina ya zamani yaliyotokana na hadithi za Kiyunani, ukachagua jina lenye maana ya matatizo ya ukuaji wa jinsi; na tangu hapo wengi wamependelea kusema tofauti badala ya matatizo. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Neno hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutofautiana. Katika matumizi yetu ni kutofautiana na ni dosari vilevile, na msikilizaji huchagua kulingana na mahali. Hitilafu za ukuaji wa jinsi ni istilahi ambayo daktari na mzazi wanaweza kuisema pamoja bila mmoja kumwumiza mwenziwe. Tunasema jinsi, si jinsia. Maandishi ya maendeleo yamelitwaa jinsia kwa mahusiano ya wanaume na wanawake katika jamii; tukiyachanganya tena, mzazi atadhani anaulizwa mwanawe atalelewaje, hali anaulizwa ameumbwaje.

Limebaki lile sanduku dogo la fomu lenye neno Jinsi, na nafasi mbili tu: Me, Ke. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya jijini Nairobi ilitoa hukumu katika shauri la mtoto aliyetajwa kwa herufi A tu, ambaye katika hati zake za hospitali mahali pa jinsi paliwekwa alama ya kuuliza. Aliyeiweka alama ile pengine hakuwa na nia mbaya. Fomu haikumpa neno. Wafasiri kadhaa wamejaribu kulitafuta. Tumeona "haijulikani", tumeona "haibainiki", tumeona "utata". Yote matatu yamefungwa: haibainiki maana yake ni kwamba haitabainika hata tufanyeje. Sarufi ya Kiswahili ina kiambishi -ja-, ambacho hukana jambo na papo hapo huacha mlango wazi. "Jinsi: haijabainika" yasema kwamba kazi inaendelea, kwamba mtoto ana jinsi, na kwamba kuna mtu anayepaswa kuitafuta. Iongezwe nafasi ya tatu yenye maneno hayo, na mbele yake mstari wa tarehe: "Achunguzwe tena kabla ya siku ya ____." Kwa sababu ya chumvi tuliyoieleza, siku hiyo isipite ya saba.